Kutafuna na Kumeza

Tarehe 7 Julai 2023 walimu wa Kiswahili wa hapa Bujumbura tulikutana kuiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, na baada ya hotuba na mashairi tukaandaliwa chakula. Aliyeketi karibu nami, mwalimu kijana ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Mbona unakula kama mtu anayesahihisha mitihani?"

Wenzetu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa kuwa alisema kweli. Mbele yangu palikuwa na kipande cha mukeke kisichozidi upana wa vidole viwili, vijiko vitatu vya sombe, na kibonge cha ugali ambacho mtoto wa chekechea angekidharau. Wao walikwisha kula zamani, wengine wamekwisha kunawa. Mimi nilikuwa bado natafuna. Nikangoja hata tonge lishuke, nikamjibu mbele ya wote: "Tumboni mwangu mna pete."

Pakawa kimya kidogo, kisha maswali yakamiminika. Mwisho wake nikaombwa niyaandike majibu yangu katika jarida letu. Nimekubali, ingawa hapana budi nitangulize neno moja: mimi si mganga. Nina stashahada ya ualimu, na kazi yangu ni lugha. Yahusuyo tiba nayaeleza kama mgonjwa aliyefundishwa na waganga wake na kufundishwa zaidi na tumbo lake.

Mwaka 2011 nilikuwa na umri wa miaka 31 na uzito wa kilo 118. Buyenzi, mtaa nilikozaliwa, mwanamke mnene hasemwi vibaya. Husifiwa kwamba ndoa imemkubali na nyumba yake ina baraka. Lakini mwili wangu haukuzisikia sifa hizo. Magoti yalikuwa yakiuma, damu yangu ilikwisha kuonekana na sukari, na nilikuwa siwezi kusimama ubaoni vipindi viwili mfululizo. Dada yangu wa kuzaliwa anaishi Ubelgiji. Ndiye aliyenitafutia hospitali huko, akalipa gharama kubwa kuliko mshahara wangu wa miaka kadhaa.

Huko nikaambiwa jambo lililonifariji. Daktari wa kwanza duniani kumvisha mgonjwa pete ya namna hii kwa kupitia vitundu vidogo, akiongozwa na kamera pasipo kulipasua tumbo kwa upana, alikuwa Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa akifanya kazi Ubelgiji. Aliifanya kazi hiyo katika mji wa Huy tarehe 1 Septemba 1993. Nilikuwa nikidhani nimekwenda kwa Wazungu kutafuta ujuzi wa Kizungu, kumbe njia ilichongwa na mtu wa kwetu Afrika ya Mashariki.

Pete yenyewe ni mkanda laini wa silikoni. Huzungushwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula, karibu na pale umio unapoishia, hata tumbo likawa mfano wa kibuyu: kichwa kidogo juu, shingo nyembamba, na sehemu kubwa chini. Kile kichwa cha kibuyu hutosha chakula cha vijiko viwili hivi vya mezani. Kikijaa, mtu huhisi ameshiba, na chakula hushuka polepole kupitia shingoni. Kutoka kwenye pete hutoka mpira mwembamba hadi kwenye kidude kama kifungo cha koti, kilichoshonewa chini ya ngozi. Mganga akitaka kuikaza pete, hukichoma kifungo hicho kwa sindano ya namna yake na kutia maji ya chumvi ya hospitali. Akitaka kuilegeza huyavuta. Siku hizi waganga wengi wameiacha njia hii, wakapendelea kuikata na kuiondoa sehemu kubwa ya tumbo, kwa sababu pete huweza kuteleza, au kulila tumbo, na wengi waliovishwa huja kuvuliwa baada ya miaka. Mimi nilivishwa wakati wake.

Majuma mawili ya kwanza nilikunywa tu: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi. Majuma mawili yaliyofuata nilikula vilivyopondwa kama vya mtoto aachaye ziwa. Kisha vyakula laini. Baada ya majuma sita hivi pete ikakazwa kwa mara ya kwanza, nikapewa kanuni zangu na barua ya kumwonyesha mganga yeyote huku kwetu, yenye jina la pete na kiasi cha maji yaliyomo. Nikapewa na sindano mbili za kuchomea kile kifungo, kwani sindano ya kawaida hukitoboa kikavuja. Nikarudi Bujumbura.

Kanuni zilikuwa chache: kata kipande kidogo kama punje ya njegere, tafuna hata kiwe uji, weka kijiko chini kabla ya kumeza, usinywe kitu pamoja na chakula wala nusu saa baada yake, acha kula mara uonapo dalili ya kwanza. Hakuna aliyeniambia namna ya kuzitii mbele ya ugali wa muhogo.

Wasomaji walio mbali na Burundi wafahamu kwamba ugali wetu wa muhogo hautafunwi. Huo ndio ustaarabu wake. Mtu humega, hufinyanga tonge, hutia kidole gumba katikati kufanya kishimo, huchovya mchuzi, kisha humeza. Tonge huteleza lenyewe. Anayeutafuna huonekana mgeni au mgonjwa wa meno. Nami tangu utoto nilijua kumeza tu. Siku ya tatu baada ya kurudi nilikula tonge moja la kawaida, dogo kwa macho yangu, na likasimama.

Hapa ndipo nilipoanza kuyapima maneno niliyokuwa nikiyafundisha. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba kupaliwa na kusakamwa ni mamoja, nikaendelea na somo. Si mamoja hata kidogo. Anayepaliwa, maji au mate yamepotea njia yakaelekea penye pumzi. Hukohoa, hupigwa mgongoni, akapona. Aliyesakamwa na tonge lililokwama chini kifuani hakohoi. Anapumua vizuri, anaweza hata kujibu salamu, ila katikati ya kifua pana uzito kama ngumi, na mate yanaanza kujaa kinywani, mazito, ya kuvutika kama mlenda, hayamezeki. Hapana la kufanya ila kungoja au kuinama. Na kinachotoka hakitapikwi. Tapishi hutoka tumboni kwa nguvu, na uchungu wake. Hiki hucheuliwa. Hurudi jinsi kilivyokwenda, bila ladha ya nyongo, kwa sababu tumbo halijakigusa. Kitenzi hicho tumezoea kumpa ng'ombe atafunaye tena majani yake, nami sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakihitaji kwa nafsi ya kwanza umoja.

Vitenzi vingine vilinigeukia vikawa walimu. Kubwia na kufakamia vilikuwa vimekatazwa. Kumumunya kulifaa. Kudonoa kulifaa, japokuwa ni kitenzi cha kuku. Niligundua kwamba nyama ya mishikaki, ile wanayoisifu wageni wote wa mji wetu, haipiti hata uitafune mara arobaini, kwani nyuzi zake hujisokota zikawa kamba. Mkate laini wa dukani ni mbaya kuliko mkavu: ukilowa hujikusanya ukawa kama kizibo. Wali mkavu hukwama, bali uliopikwa bokoboko hupita. Mukeke wa kuchemsha aliyetolewa miiba ni rafiki. Ndagala wakavu ni maadui mpaka wasagwe. Maharage hupita yakipondwa na kuondolewa maganda. Sombe iliyotwangwa vizuri kwa mchi ni rehema, lakini ya mashine isiyosagika huacha nyuzi. Asubuhi pete hubana zaidi, sijui kwa nini, na siku ya kuja mkaguzi hubana hata chai isipite.

Dalili za kuacha ni ndogo mno, na kila mtu ana zake. Yangu ni kwikwi moja tu, au pua kuanza kuchuruzika bila mafua. Nikiipuuza kwikwi hiyo nikaongeza kijiko kimoja, nimekwisha kosea.

Hayo yote yangekuwa mepesi kama ningekula peke yangu. Kwetu hakuna alaye peke yake ila mchoyo na mgonjwa. Mimi nami sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa mume wangu. Nitaeleza sababu bila kujipamba. Nchi yetu haijashiba. Mtaani kwetu wapo majirani ambao watoto wao hulala na kikombe cha uji, na wengine hulala na maji. Je, ningemwambiaje mama wa watoto hao kwamba zimelipwa fedha nyingi, nimepanda ndege, nimelala hospitalini Ulaya, ili nisiweze kula? Kila nilipoyapanga maneno hayo kichwani yalisikika kama matusi. Ugonjwa wa unene haukuwa na heshima ya ugonjwa mbele ya macho yangu mwenyewe, sembuse mbele ya wengine.

Basi nikaanza kusema uongo. Mara nina vidonda vya tumbo, mara nimefunga Sunna, mara nimekula nyumbani sasa hivi. Harusini, wanawake tulipozunguka sinia la pilau, nilikuwa hodari wa kusogeza wali upande wa mwenzangu huku mkono wangu ukienda na kurudi mdomoni mtupu. Nyumbani kwa shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki na ambaye kwake kukataa chakula ni kumkataa mwenyewe, nilijifunza kufungasha matonge ndani ya kitambaa na kuyapeleka uani kwa kuku. Nikizidiwa nilikwenda chooni nikafungua bomba ili sauti isisikike. Nilipungua, watu wakaanza kunong'ona kuhusu ugonjwa ambao kila mtu hapa huufikiria kwanza amwonapo mtu anakonda. Sikuwakanusha, maana kukanusha kungetaka maelezo.

Kuna hila nyingine ambayo sikuitarajia. Chakula kigumu kinaposumbua, mtu hukimbilia kile kiteleacho. Chai yenye sukari nyingi hupita. Andazi lililochovywa hata likalainika hupita. Soda ilinikataa kwa gesi yake, bali maji ya matunda yaliyotiwa sukari hayakukataa. Nilishuka hadi kilo 84 katika miaka miwili, kisha nikaanza kupanda tena, huku nikicheua samaki na kumeza sukari. Wengi hudhani pete ikikaza ndiyo humkondesha mtu zaidi. Kwangu pete iliyokaza mno ilinifukuza kutoka kwenye maharage ikanipeleka kwenye maandazi.

Ikaja Ramadhani ya mwaka 2014. Mchana kutwa sikuwa na taabu; nilikuwa sawa na watu wote, hakuna aliyeniuliza mbona huli. Taabu ilikuwa magharibi. Jioni moja tulialikwa kwa shangazi kufuturu, na yeye kwa mkono wake akaniwekea pande la nyama ya mbuzi lililo bora, mbele ya wageni, akasimama aone ninavyolipokea. Nilitafuna kadiri nilivyoweza. Lakini nilikuwa na njaa, macho yote yalikuwa kwangu, nikameza kabla ya wakati.

Usiku ule halikushuka wala halikurudi. Nilijaribu maji, yakarudi. Nikakaa kitandani na beseni, nikitema mate yangu mwenyewe. Alfajiri haikuwa na daku kwangu. Siku ya pili mume wangu akataka twende hospitali, nikakataa. Leo naona aibu kuandika sababu: niliogopa kwamba mganga atakuwa mtu wa mtaani, na habari itafika kwa shangazi kabla sijarudi nyumbani. Jioni ya siku ya pili nilisimama nikaona giza, midomo imenipasuka, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Mume wangu hakuniuliza tena. Alichukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu rafuni, akaitikisa, ile barua ya Ubelgiji ikaanguka. Hata mahali nilipoificha alikuwa akipajua miaka yote.

Daktari wa upasuaji aliyenipokea, katika hospitali moja ya hapa mjini, alikuwa amewahi kuziona pete hizi alipokuwa masomoni ng'ambo. Aliisoma barua, akaomba sindano. Tulizileta zote mbili. Alikipapasa kile kifungo chini ya ngozi, akachoma, akavuta maji yote, hayakufikia ujazo wa kijiko kimoja cha mezani. Akaniambia ningoje kidogo, kisha akanipa maji katika gilasi, ninywe funda moja. Niliyasikia yakipita. Yalishuka kifuani, yakapita pale mahali, yakaendelea chini, baridi, na mimi mwanamke wa miaka 34 nikalia mbele ya wauguzi kwa ajili ya funda la maji. Nilitundikiwa dripu usiku kucha. Baadaye picha ikaonyesha kwamba pete haikuwa imeteleza. Yule daktari alinikaripia jambo moja tu, nami nalirudia hapa kwa ajili ya yeyote mwenye pete: asiyeweza kumeza maji wala mate yake hana ruhusa ya kungoja mpaka kesho.

Shangazi alikuja asubuhi akiwa na chupa ya uji. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake. Nilijiandaa kusikia habari za gharama, na za watoto wenye njaa, na za kumkufuru Mungu. Badala yake akauliza:

"Na lile pilau la harusi ya binamu yako, ulikula?"

"Sikula, Shangazi."

"Na kwangu? Miaka mitatu hii?"

"Nilikuwa nawapa kuku."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kuku wangu. Ndiyo maana." Akaifunika chupa yake, akafungua tena, akanimiminia uji kidogo katika kifuniko chenyewe. "Wewe mtoto, mimi ningekupikia cha kukufaa. Umeniona nani, hata nishindwe kuponda maharage?" Alikasirika majuma mawili, na kilichomkera haikuwa pete bali chakula kilichomwagwa na uongo uliotumika kukimwaga. Kuhusu pete alisema tu kwamba sijapata kuona mwanamke wa Buyenzi aliyevishwa mbili, na ya pili haijapigiwa hata vigelegele.

Pete ilikazwa tena baadaye, lakini kidogo kuliko mwanzo, na ndivyo ilivyo hadi leo. Uzito wangu ni kilo 88. Haunipendezi sana, ila naweza kula samaki, mboga na maharage, na dawa ya sukari nimepunguziwa. Chai ya mapumziko shuleni niliacha, kwani dakika kumi na tano hazimtoshi mtu wa namna yangu. Hula saa saba, nimefunga mlango wa darasa, na saa iko juu ya meza. Nimeambiwa huenda siku moja itanilazimu kuvuliwa, nami niko tayari.

Katika karamu za mtaani siku hizi sauti ya shangazi hutangulia mbele yangu: "Mleteeni mwalimu kisahani chake!" Ni kisahani cha kikombe, cha udongo mweupe, chenye ua la buluu, alichokinunua yeye sokoni. Wageni wasiojua hudhani nimepewa heshima fulani. Wanaojua hunisogezea mukeke sehemu ya karibu na mgongo, penye miiba michache. Jirani yangu yule mwenye watoto wengi, niliyemwogopa kuliko wote, aliposikia habari aliniuliza tu kama inauma. Nikamwambia huuma nikiwa na haraka. Akasema kwake hakuna haraka, nije siku yoyote. Nimekwenda mara nyingi. Tunakula uji.

Narudi kwenye karamu yetu ya tarehe 7 Julai. Maswali yalipokwisha wenzangu waliinuka, viti vikaanza kukusanywa. Nilikuwa nimebakiza vipande vitatu vya samaki. Yule mwalimu kijana aliyenifananisha na msahihishaji hakuondoka. Alikwenda akaleta birika la maji na beseni, na taulo begani, akasimama pembeni akingoja nimalize.